Unyofu

Burgmüller aliandika mazoezi 25 ya piano kwa vidole vya watoto. Yalichapishwa Paris mwaka 1851. La kwanza linaitwa "La candeur", yaani unyofu: linafundisha mkono wa kulia utiririke bila kukatika, lakini ukilipiga taratibu unasikia wimbo kamili.

Nalipiga hapa Shinyanga, kwenye kinanda cha kwaya chenye vibonyezo vya plastiki. Vya karne ile vilivikwa pembe za ndovu. Shehena nyingi zilipita Zanzibar kwenda viwanda vya Connecticut, Marekani. Kutoka bara hadi pwani zilibebwa begani, na Wanyamwezi na Wasukuma, kwa miezi, kwa ujira wa vitambaa vya merikani. Sidhani wengi wao waliwahi kuisikia piano.

Bado nalipenda zoezi lile. Jina lake ndilo hunikwama.