Karne Moja ya Pikipiki Ndani ya Kabureta

Fungua kabureta ya Triumph Bonneville ya mwaka 1969 hadi kipande cha mwisho, uvitandaze vyote juu ya kitambaa safi: mwili wa aloi ya zinki, pistoni ya mviringo inayopanda na kushuka ndani yake, sindano ndefu, jeti, floti na pini yake, springi, skrubu, oringi. Kuvifungua ni kazi ya muda mfupi. Kuvirudisha ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa kila kipande kiliingizwa humo kwa wakati wake na kwa shida yake, na asiyeijua shida hiyo anaweza kukifunga mahali pake barabara na pikipiki bado ikakataa.

Kabureta za mwanzo kabisa hazikuwa na jeti. Mwaka 1885, huko Cannstatt karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha fremu ya mbao na magurudumu mawili, chenye injini ya nguvu ya nusu farasi. Wanahistoria wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Hewa yake ilipitishwa kwenye petroli iliyotuama, ikaondoka na mvuke kuelekea kwenye injini. Siku ya joto mvuke ulizidi, siku ya baridi ukapungua. Baya zaidi, sehemu nyepesi ya petroli ilitangulia kuruka, ikabaki ile nzito isiyotaka kuwaka, hata dereva akawa na chombo kilichojaa mafuta yasiyomfikisha popote.

Mwaka 1893 Maybach alikuja na njia nyingine: petroli ipite kwenye tundu dogo, ivutwe na kasi ya hewa yenyewe na kutawanyika kama manyunyu. Mwaka huohuo, Wahungari Donát Bánki na János Csonka waliandikisha hataza ya kabureta yao inayofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Huko Budapest husimuliwa hadi leo kwamba wazo liliwajia walipomwona muuza maua akinyunyizia maua yake maji. Hadithi hiyo iwe kweli au isiwe, elimu yake ilikuwapo zamani. Daniel Bernoulli aliiandika mwaka 1738 na Giovanni Battista Venturi akaipanua mwaka 1797: kitu kinachotiririka kikipita mahali pembamba huongeza kasi, na kanieneo yake hushuka. Koo la kabureta limebanwa katikati kwa sababu hiyo. Hewa ikikimbia hapo, petroli huinuka yenyewe kupitia jeti.

Lakini itainuka vizuri ikiwa tu usawa wake kwenye kikombe uko chini kidogo ya mdomo wa jeti, wakati wote. Ukipanda, petroli inamwagika. Ukishuka, injini inakosa mafuta. Floti na pini yake ndizo zinazoulinda usawa huo, na anayefunga kabureta aanze na hizo mbili kabla ya kugusa skrubu yoyote ya nje. Atikise floti sikioni asikie kama kuna petroli imeingia ndani. Aitazame pini kwenye ncha yake kama imechimbika. Kisha ajaze kikombe na aangalie petroli inaposimama. Nimeona watu wakisumbuka na sindano na plagi kutwa nzima, kumbe usawa wa petroli ulikuwa mbovu tangu asubuhi.

Pikipiki za mwanzoni mwa karne ya 20 zilimpa mwendeshaji nyenzo mbili mkononi, mmoja wa mchanganyiko na mwingine wa hewa. Kila kilima kilitaka kipimo chake. Injini ikipata moto, kipimo kilibadilika tena. Mtu aliendesha huku akisikiliza na kurekebisha, mkono hautulii. Uingereza, ambayo wakati huo ilijaa viwanda vya pikipiki, ilikuwa na watengenezaji kadhaa wa kabureta waliogombea kumwondolea mwendeshaji mzigo huo. Watatu walitia fora: Brown & Barlow, AMAC, na Charles Binks, ambaye kabureta zake za mashindano zilijulikana kwa jina la mtego wa panya. Mwaka 1927 kampuni hizo tatu ziliungana, na muungano wao ukazaa Amal, yenye makao Birmingham.

Jibu lililokaa ndani ya kabureta za Amal kwa miongo iliyofuata ni sindano. Imening'inizwa kwenye pistoni, na ncha yake nyembamba inashuka ndani ya jeti. Mwendeshaji akizungusha mkono, pistoni inapanda na kufungua njia ya hewa, nayo sindano inapanda pamoja nayo na kuachia nafasi kubwa zaidi ya petroli kupita. Vipimo viwili vilivyohitaji nyenzo mbili sasa vinakwenda pamoja kwa waya mmoja. Wenzo wa hewa ulibaki kwa ajili ya kuwasha injini ikiwa ya baridi.

Hapa ndipo namba zilizochongwa kwenye vipande huanza kuwa na maana. Juu ya sindano kuna mifuo michache ya kushika klipu. Huhesabiwa kuanzia juu, na klipu ikishushwa mfuo mmoja, sindano inapanda na mchanganyiko unaongezeka petroli. Pistoni imekatwa mshazari upande mmoja, na kimo cha mkato huo kimeandikwa chini yake kwa sehemu za kumi na sita za inchi: namba 3 ni 3/16 ya inchi. Mkato lazima uelekee upande hewa inakotoka. Jeti kubwa ina namba ya mtiririko, yaani sentimita za ujazo za petroli kwa dakika chini ya kipimo cha kiwanda, ndiyo maana 200 hupitisha mafuta mengi kuliko 190. Kila kimoja kina zamu yake. Injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka polepole bila mkono kufunguliwa, jeti ndogo ndiyo inayolisha. Mkono ukifunguliwa kidogo, mkato wa pistoni unashika kazi. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano, na kutoka hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Fundi anayejua zamu hizo akiambiwa pikipiki inakohoa kwenye mwendo wa kati, hafungui jeti kubwa.

Kwa miaka mingi kikombe cha floti kilikaa kando, kimeshikizwa ubavuni mwa kabureta. BSA M20, pikipiki ambayo zaidi ya 120,000 zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na Amal ya aina hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja Monobloc, ambayo mwili na kikombe chake vilimiminwa kwa pamoja. Ilikuwa safi, imara, rahisi kufunga. Triumph walipoitoa Bonneville mwaka 1959, wakiipa jina la uwanda wa chumvi wa Utah ambako Johnny Allen alikuwa amekimbiza chombo chenye injini ya Triumph zaidi ya maili 200 kwa saa, waliifungia Monobloc mbili zilizokatwa vikombe vyake, zote zikinywa kutoka kikombe kimoja kilichoning'inizwa katikati. Mpango huo haukudumu. Petroli ilichezacheza kwenye kikombe hicho, injini mara ikapata mafuta mengi, mara machache.

Mwaka 1967 Amal ilileta Concentric. Kikombe kilihamia chini, floti ikazunguka jeti kubwa, na kwa hiyo pikipiki ikilala kwenye kona au ikipanda mlima, usawa wa petroli pale kwenye jeti haubadiliki sana. Ni wazo zuri mno, na ni jepesi kutengeneza kiwandani. Norton Commando ilibeba Concentric, Triumph ilibeba Concentric, BSA vilevile. Ukikuta pikipiki ya Kiingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au ya miaka ya 1970, karibu kila mara utaikuta hiyo.

Katika kuipunguzia gharama, hata hivyo, walifanya jambo ambalo hadi leo linawaumiza wanaozifufua pikipiki hizi. Concentric za mwanzo zilikuwa na jeti ndogo inayofunguka. Baadaye, kwenye zile za injini za mipigo minne, jeti hiyo iliondolewa, na badala yake tundu jembamba likashindiliwa ndani kabisa ya mwili, nyuma ya skrubu ya hewa, mahali ambapo jicho halifiki na bisibisi haina pa kushika. Upana wake ni inchi 0.016, takriban milimita 0.4. Petroli iliyoachwa humo ikikauka hugeuka gundi na kuliziba. Mtu anafungua kabureta, analoweka vipande, anapuliza kwa kompresa, anafunga kila kitu kiking'aa, na pikipiki inawaka lakini haikai silensa. Anazungusha skrubu ya hewa, haisikii. Ni kwa sababu kipande kimoja tu hakikusafishwa, na hakikuwa miongoni mwa vile alivyotandaza juu ya kitambaa. Dawa ni kutoa skrubu ya hewa na kupitisha biti nyembamba ya kipimo hichohicho kupitia tundu lake, kwa vidole, taratibu, bila mashine. Kisha nyunyiza dawa ya kusafishia na uone ikitokea kwenye vitundu viwili vidogo kooni. Usipoiona ikitoka hapo, usifunge.

Kuna jeraha jingine la zama hizo. Aloi ya zinki ni laini, na masikio mawili yanayoishika Concentric kwenye injini hupinda nati zikikazwa kupita kiasi. Uso uliokuwa bapa unakuwa na upinde, hewa inaingia pembeni, na mfungaji anakaza zaidi ili kuzuia hewa, akizidi kuupinda. Msasa laini juu ya kioo bapa, uso wa kabureta ukisuguliwa juu yake hadi alama za msasa zienee kote, hurudisha hali yake. Baada ya hapo oringi mpya, nati zikazwe kwa kiasi, basi.

Bonneville na Commando zina kabureta mbili, na hapo kazi ya mwisho ni kuzipatanisha. Pistoni zote mbili lazima ziondoke chini kwa wakati mmoja. Mafundi wa zamani waliingiza vidole kwenye koo zote mbili na kusikiliza mguso huku mkono ukizungushwa polepole. Wengine waliweka shina la biti yenye unene uleule chini ya kila pistoni. Mwaka 1969 Honda iliingiza sokoni CB750 yenye kabureta nne za Keihin. Za kwanza zilivutwa kwa waya mmoja uliogawanyika mara nne, na kuzioanisha kulikuwa kazi kweli, hivyo muda si mrefu Honda wakaziunganisha kwa ekseli moja inayofungua na kufunga zote. Kwa anayefungua seti ya namna hiyo leo, ushauri wangu ni kutozitenganisha kabureta kutoka kwenye bamba lake bila sababu ya lazima.

Kulikuwa pia na ukoo mwingine wa kabureta. Ndugu wawili wa Uingereza, George na Carl Skinner, kutoka familia ya wafanyabiashara wa viatu, walibuni kabureta ambayo pistoni yake haivutwi na mkono bali huinuliwa na mvuto wa injini yenyewe. Za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi, ngozi ambayo familia yao iliijua vizuri. Wazo hilo liliingia kwenye Triumph Thunderbird mwaka 1952, na baadaye, likiwa na utando wa mpira, kwenye BMW R75/5. Ukifunga aina hii, utando huo ukiwa na kitundu cha ukubwa wa ncha ya pini, pistoni haipandi na injini haichanganyi.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo kila siku na matengenezo huja kwa nadra. Muundo wake ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, na kwa njia hiyo ukafika kwenye vijiwe vya bodaboda Mwanza, Nairobi na Kampala. Kabureta yake ina pistoni ya kuvutwa kwa waya, sindano yenye klipu, na kikombe kilichokaa chini, kwa kanuni zilezile za Concentric. Tofauti kubwa ni kwamba jeti zake zote mbili hufunguka. Fundi wa kijiweni akisikia pikipiki haina silensa, huishusha kabureta, huitoa jeti ndogo, huipuliza akiielekeza kwenye mwanga, na huirudisha kabla abiria hajachoka kusubiri. Mwenye Bonneville ya mwaka 1972 akimtazama, nadhani atamwonea wivu.

Kawasaki walianza kuuza pikipiki yenye mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme badala ya kabureta mwaka 1980. India ilipoanza kutekeleza kanuni zake mpya za moshi Aprili 2020, pikipiki mpya za soko la huko zikahamia kwa wingi kwenye mfumo huo. Lakini Amal haijafa. Kampuni ya Burlen, mjini Salisbury, inaendelea kutengeneza Concentric mpya kwa ajili ya pikipiki za kale, na toleo lake la Premier limesahihisha yaliyolalamikiwa kwa miaka mingi. Pistoni ni ya alumini iliyotiwa ugumu, kwa kuwa zile za zinki zilipokwaruzana na mwili wa zinki zililika haraka. Floti haizami hata petroli ikichanganywa na ethanoli. Na jeti ndogo sasa hutoka kwa bisibisi.