VITAMINI ZA MAFUTA, SEHEMU YA 4: SINDANO YA KICHANGA ILIANZIA KWA VIFARANGA

A, D na E tumeshamaliza, leo ni zamu ya K. Ndiyo ile sindano ya pajani anayochomwa mtoto akishazaliwa. Wengi mnauliza, "Nesi, kitoto cha leo leo sindano ya nini?" Jibu lilianzia kwa kuku.

Mwaka 1929, huko Copenhagen, Denmark, mtafiti Henrik Dam alikuwa analisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta. Alikuwa anachunguza kolesteroli tu. Baada ya wiki kadhaa vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na kwenye misuli, na damu ikawa inachelewa kuganda. Akawarudishia kolesteroli, wapi! Vitamini C nayo haikusaidia. Kilichowaponya ni majani mabichi na ini la nguruwe. Mwaka 1935 akatangaza vitamini mpya inayoyeyuka kwenye mafuta, akaiita K kutokana na neno "Koagulation", yaani kuganda. Yeye na Mmarekani Edward Doisy wakapewa Tuzo ya Nobel ya 1943.

Inafanyaje kazi? Ini linatengeneza protini za kugandisha damu, lakini bila K protini hizo hazifanyi kazi. Na K huingia mwilini pamoja na mafuta, kwa msaada wa nyongo. Ndiyo maana mchicha tunauunga na mafuta kidogo.

Sasa kichanga wako. Kondo la nyuma hupitisha K kidogo mno, maziwa ya mama yana K kidogo, na utumbo wake bado hauna bakteria wa kumsaidia. Sio kwamba ulikula vibaya, watoto wote huzaliwa hivyo. Wachache huvuja damu, wengine mpaka kwenye ubongo, hata wakiwa na miezi kadhaa na walionekana wazima kabisa. Ndiyo maana mwaka 1961 madaktari wa watoto Marekani walishauri kila kichanga apewe K.

Kwa hiyo sio chanjo, ni vitamini, miligramu 1 tu kwa mtoto aliyetimiza miezi. Umejifungulia nyumbani au njiani? Mpeleke kituoni mapema, uulize, "Mwanangu amepata vitamini K?" Ukiona damu kitovuni, puani au kwenye choo, au michubuko isiyo na sababu, usisubiri kukuche. Kimbia hospitali.

Mtumie mjamzito unayemjua.