Sindano katika Shamba la Migomba

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za chombo kidogo tunachokijua sote, nacho ni bomba la sindano. Mwaka 1853 Charles Pravaz wa Ufaransa na Alexander Wood wa Uskoti, kila mmoja kwa njia yake, walilitumia kutia dawa mwilini. Hawakudhani kwamba siku moja lingechoma mgomba.

Mwaka 1968 wataalamu walieleza ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Ethiopia katika mmea uitwao ensete, ndugu ya mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka 2006 ukajulikana Kagera, kwa jirani zetu, ambako huitwa unyanjano. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata mgomba hutoka usaha wa manjano. Wadudu huuchukua toka ua hata ua, na panga chafu toka mgomba hata mgomba.

Dawa ya kuuponya hakuna. Kwa hiyo wakulima waliambiwa wang'oe jamii yote ya mgomba, mama na watoto. Kazi hiyo ilivunja migongo. Mjane au mzee angeiwezaje? Ndipo huko Uganda wakulima walipofundishwa kujaza sindano dawa ya kuua magugu, kama ile iitwayo 2,4-D, na kuipiga ndani ya mgomba. Jembe likapumzika. Lakini sumu haikuchagua: mama mgonjwa alikufa pamoja na watoto wazima, na nyumba ikapungukiwa chakula.

Baadaye wataalamu waligundua kwamba vijidudu haviingii katika kila mgomba wa jamii moja. Basi wakafundisha hivi: kata ule uliougua tu, usawa wa udongo, mara uonapo dalili, rudia kila upatapo mwingine, safisha panga kwa moto. Tena, chane ya mwisho ikiisha kutokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu.

Sindano iliwapunguzia watu kazi. Kuujua ugonjwa vema kuliwaachia migomba yao. Nanyi wakulima wa Chato, wilaya iliyokuwa ya Kagera hata mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, ugonjwa huu u karibu nanyi. Mkiona jani limelegea, mwiteni bwana shamba, tazameni ni mgomba upi unaougua, kisha kateni huo.