Motokaa ya Fahari na Mnunuzi wa Pili

Historia ya motokaa aghalabu huanza siku ilipobuniwa ikaishia siku kiwanda kilipoacha kuiunda. Ndani yake hutajwa mhandisi, hutajwa bei, hutajwa wakubwa walioinunua ingali mpya. Baada ya hapo kalamu hunyamaza. Walakini motokaa iliyoundwa vema haifi siku ile bwana wake wa kwanza anapoiuza. Sehemu kubwa ya umri wake huwa mikononi mwa mnunuzi wa pili, na wa tatu, na wa nne. Hao huipokea wakati fahari yake imekwisha kulipiwa na mtu mwingine, na taabu zake ndiyo kwanza zinaanza. Kisa cha Mercedes-Benz ya aina ya W123 chafaa kulithibitisha jambo hili.

Motokaa hiyo ilitolewa na kampuni ya Daimler-Benz ya Ujerumani Magharibi mwezi wa Januari 1976, na ilipoachwa kuundwa mwanzoni mwa mwaka 1986 zilikuwa zimetengenezwa karibu 2,700,000. Hapo mwanzo walioitaka walikuwa wengi kuliko kiwanda kilivyoweza kuwaridhisha. Wanunuzi walingoja miezi mingi, hata ikatokea motokaa iliyokwisha kutumika kidogo kuuzwa kwa bei iliyozidi ile ya kiwandani, kwa kuwa aliyekuwa nayo tayari aliuza pia muda wa kungoja. Katika maonyesho ya Frankfurt ya mwaka 1977 ikaonyeshwa ile yenye mgongo mrefu, stesheni wagoni ya familia, ambayo tangu mwaka 1978 iliundwa katika mji wa Bremen. Mwenye kutaka aliweza kuongezewa nyuma kiti cha watoto wawili kilichotazama barabara iliyopitwa; na sehemu ya nyuma ilibebwa kwa mafuta yaliyosukumwa na pampu, ili motokaa isiiname inapojaa watu na mizigo. Mwaka 1980 ikaongezwa injini ya dizeli ya silinda tano yenye turbo. Stesheni wagoni hizo zilifika karibu 200,000 tu. Ilikuwa motokaa ya baba mwenye nafasi, mwenye watoto na safari za mbali.

Katika Afrika ya Mashariki jina la kampuni hiyo lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha kabla W123 haijazaliwa. Miaka ya 1960, baada ya uhuru, lilienea neno Wabenzi. Lilikuwa neno la dhihaka: kiambishi kile kile kinachowataja Wachaga na Wadigo kilitumika kutaja kabila jipya, ambalo mtu haliingii kwa kuzaliwa bali kwa kupanda motokaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipowakataza viongozi wa Tanzania kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba, lilihofia jambo lile lile ambalo neno hilo lililicheka. Lakini Wabenzi ni jina la mnunuzi wa kwanza. Yule aliyekuja kuichukua motokaa hiyo miaka kumi baadaye, rangi imepauka na viti vimechanika, lugha haikumpa jina.

Naye ndiye mwenye hesabu ngumu. Bei ya kununua hushuka kila mwaka. Gharama ya kutunza haishuki pamoja nayo. Mtu anayenunua motokaa ya fahari kwa sehemu ya kumi ya bei yake ya zamani hapati breki za sehemu ya kumi, wala pampu ya sehemu ya kumi. Vipuri vyake bado ni vya motokaa ya tajiri. Nyumba nyingi zimeingia hasara hapo: fedha yote ikatumika siku ya kununua, isibaki ya kutunzia, na ada ya shule ikageuka kuwa bei ya pampu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika motokaa ya zamani nyufa ni nyingi.

W123 ilikuwa na nyufa zake zijulikanazo. Kutu huanzia chini, mahali pa kuwekea jeki, ikapanda kwenye matao ya magurudumu na chini ya kioo cha mbele; kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hulala chini akatazama tumbo la motokaa kabla ya kusikiliza injini. Vali za dizeli zake hutaka kurekebishwa kila baada ya kilomita 24,000 hivi, na anayepuuza huona motokaa ikizidi kuwa nzito kuwaka asubuhi. Vitasa vya milango hufungwa kwa hewa inayonyonywa katika mirija myembamba, na kwa hewa hiyo hiyo injini ya dizeli huzimwa. Mrija mmoja ukipasuka mlangoni, huenda ufunguo ukazungushwa na injini isizimike. Katika stesheni wagoni, mafuta ya nyuma yakivuja, kile kilichokuwa raha ya familia huwa mzigo wake. Walakini karibu kila ubovu huo huonekana kwa macho, hushikika kwa mkono, na hurekebishwa kwa spana.

Ushahidi mkubwa ulitoka Ugiriki. Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, alinunua mwaka 1981 Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976, ya aina iliyoitangulia W123, nayo ilikuwa imekwisha kwenda kilomita 220,000. Alipoitoa mwaka 2004 iwekwe katika hazina ya makumbusho ya kampuni hiyo, ilikuwa imetimiza kilomita milioni 4.6. Injini ilibadilishwa mara nyingi. Mtu aweza kuuliza kama iliyofika makumbusho ni ile ile iliyonunuliwa. Ni ile ile, kwa maana utunzaji wake haukukatika. Na iliyohifadhiwa pale ni kazi ya mnunuzi wa pili sawasawa na kazi ya kiwanda.

Huko Morocco W123 ya dizeli ilikuwa teksi kubwa ya kutoka mji hadi mji, abiria sita pamoja na dereva, wawili mbele na wanne nyuma. Motokaa zilizokuwa zimeuzwa na familia za Ulaya ziliishi tena miongo mizima, chakavu ikiilisha nzima. Katika miaka ya 2010 serikali ikaanza kuwasaidia wenye teksi kununua mpya. Haikukosea: moshi wa dizeli ya kale ni madhara kwa pafu la mpita njia, na mwili wa chuma wa mwaka 1980 haumlindi abiria kama wa leo. Sifa ya kudumu si hoja ya kudumisha kila kitu.

Lakini motokaa za fahari zilizofuata hazikumtendea wema mnunuzi wa pili. Baadhi ya injini za Mercedes-Benz za miaka ya 1993 hadi 1995 zilifungwa nyaya ambazo ngozi yake ilisagika kwa joto. Na ile kubwa ya daraja la S iliyotoka mwaka 1998 ilibebwa kwa mifuko ya hewa iliyoongozwa na kompyuta. Mfuko ukipasuka motokaa hulala chini, na fundi asiye na chombo cha kuisoma kompyuta hana la kufanya. Hushuka bei upesi, nazo humvuta mtu wa kipato cha kati kuliko zote.

Neno mtumba kwanza lilikuwa robota lililofungwa. Leo hutaja nguo iliyovaliwa na motokaa iliyoendeshwa na mwingine. Neno fundi ni la ukoo mmoja na funda na fundisha. Kati ya maneno hayo mawili ndipo ilipo historia isiyoandikwa ya motokaa ya fahari. Mwenye kutaka kununua moja yampasa amtafute fundi kwanza, motokaa baadaye. Na mwanahistoria naye afuate njia hiyo hiyo.