Wakulima Walioshika Funguo za Hospitali

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuwazungumzie watu ambao majina yao hayachongwi kwenye jiwe la msingi. Ni wale wajumbe wa bodi na kamati za hospitali na vituo vya afya vijijini: mkulima, mwalimu mstaafu, mama mwenye duka, shehe au mchungaji wa pale pale. Hukaa kwenye benchi mchana kutwa wakisikiliza hesabu za dawa na mafuta ya gari la wagonjwa, kisha hurudi nyumbani kwa miguu. Mshahara hawana. Sisi wa mjini tukisikia habari zao huwa tunatabasamu na kuuliza: mtu asiyejua hata kupima homa atasimamiaje hospitali?

Swali hilo ni halali, na halijibiwi kwa hisia. Linajibiwa kwa historia. Nami nimechagua historia ya mbali kidogo, ya Saskatchewan, jimbo la magharibi ya Kanada. Nimelichagua kwa sababu huko jambo hili lilianza mapema, likakua, likafika kileleni na likaporomoka, na yote hayo yako wazi kwa anayetaka kuyasoma.

Saskatchewan ni tambarare ya ngano. Iliundwa kuwa jimbo mwaka 1905, na waliohamia huko wengi wao walikuwa wakulima maskini kutoka Ulaya, Uingereza na sehemu nyingine za Kanada. Shamba na shamba yalitengana sana. Wakati wa baridi theluji ilifunga njia, na mama mjamzito aliyepatwa na matatizo usiku alikuwa mikononi mwa Mungu na jirani. Daktari hakutaka kukaa mahali kama pale, maana wagonjwa walikuwa wachache na fedha zao zilitegemea mavuno.

Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, halmashauri moja ya vijijini iitwayo Sarnia ilikuwa hatarini kumpoteza daktari wake. Madiwani, ambao wenyewe walikuwa wakulima, wakaamua kumlipa dola 1,500 kwa mwaka kutoka katika kodi ya ardhi ili asiondoke. Sheria ilikuwa bado haijawapa ruhusa ya wazi kufanya hivyo. Mwaka 1916 bunge la jimbo likarekebisha sheria ili halmashauri ziweze kuajiri madaktari. Kwa maneno mengine, wanakijiji walitangulia na sheria ikawafuata.

Mwaka huo huo wa 1916 ikapitishwa sheria ya hospitali za muungano. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Halmashauri moja peke yake haikuweza kujenga hospitali, kwa hiyo halmashauri jirani, za mashambani pamoja na vijiji na miji midogo, ziliruhusiwa kuungana, kukopa na kujitoza kodi. Kila moja iliteua wajumbe wake katika bodi. Bodi ndiyo iliyotafuta muuguzi mkuu, ndiyo iliyopatana na muuza makaa ya mawe, ndiyo iliyoamua kama paa litazibwa mwaka huu au mwaka ujao. Akina mama nao walikuwa na vyama vyao vya kushona mashuka na kukusanya michango.

Hapa naomba msomaji aangalie jambo moja. Mjumbe wa bodi ile hakuwa mtaalamu wa tiba, wala hakujidai kuwa mtaalamu. Alichokuwa nacho ni vitu viwili. Kwanza, alishiriki kuamua kodi. Pili, waliolipa kodi hiyo walikuwa majirani zake, aliokutana nao kanisani, dukani na kwenye ghala la ngano. Akiharibu, hakuwa na pa kujificha. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wenyeji wale walikuwa wameona kwamba mgeni haji, wakaamua kujiponya wenyewe.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Bei ya ngano ilianguka, ukame ukaingia, upepo ukabeba udongo wa mashamba. Kuna madaktari waliolipwa kwa kuku na viazi. Katika hali ile, mpango wa halmashauri kumlipa daktari mshahara ndio uliowabakiza wengi vijijini. Mwenyekiti wa halmashauri ya McKillop, Matthew Anderson, mhamiaji kutoka Norway, alitaka kwenda mbali zaidi: wananchi wachange kwa pamoja, na mchango huo ulipe daktari na hospitali pia. Alibishana na wakubwa kwa miaka, hata mwaka 1939 jimbo likatunga sheria iliyoruhusu mpango wake.

Mwaka 1944 chama cha CCF kikashinda uchaguzi, na Tommy Douglas akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Huyu alikuwa na sababu zake. Utotoni aliugua mfupa wa mguu, na ingebidi akatwe, kama si daktari bingwa wa Winnipeg aliyekubali kumpasua bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Douglas alikua akijiuliza kwa nini mguu wa mtoto utegemee bahati. Serikali yake ilimwita mwanahistoria wa tiba, Henry Sigerist, ambaye mwaka huo huo alipendekeza jimbo ligawanywe katika mikoa ya afya.

Lakini mkoa wa afya haukushushwa kutoka juu. Ilibidi wananchi waupigie kura. Kusini-magharibi, katika eneo la Swift Current, alikuwako katibu na mweka hazina wa halmashauri ndogo ya Pittville, jina lake William Burak. Hakuwa daktari wala mwanasiasa mkubwa. Aliandika barua kwa halmashauri nyingine, akaitisha mikutano, akawashawishi watu. Novemba 1945 wakapiga kura na kukubali. Tarehe 1 Julai 1946, watu wapatao 50,000 wa eneo lile wakaanza kutibiwa na daktari na kulazwa hospitali kwa fedha ya mfuko wao wa pamoja, chini ya bodi ya wawakilishi wa halmashauri zao. Hiyo ilikuwa miaka 16 kabla ya jimbo zima kufanya hivyo.

Fedha zilitoka katika kodi ya ardhi na kodi ya kila mtu, yaani kodi ya kichwa. Wazee wetu wakisikia neno hilo wanakumbuka mkoloni na askari wake. Tofauti ni kwamba hawa walijitoza wenyewe. Na mambo hayakuwa mteremko. Watu waliokuwa wamevumilia maradhi kwa miaka walijitokeza kwa wingi, gharama zikapita makadirio, na bodi ikalazimika kurudi mezani na madaktari kupatana upya juu ya malipo. Mfuko haukufa. Waliokuwa wakipatana ni watu waliojua kwamba kila dola inayoongezwa itatoka mfukoni mwao na kwa jirani.

Mafanikio yakazaa mambo makubwa zaidi. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo lote likaanza bima ya hospitali, kwa mchango wa dola 5 kwa mtu na usiozidi dola 30 kwa familia. Mwaka 1962 ikaja bima ya matibabu ya daktari. Madaktari wengi wakagoma kwa siku 23. Katika mgomo ule wananchi wa miji kadhaa walianzisha zahanati zao zenye bodi zilizochaguliwa na wanachama, na ile ya Saskatoon ingali inafanya kazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kanada nzima ilikuwa imefuata njia iliyofunguliwa na wakulima wale.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye fundisho ambalo husahauliwa katika sherehe. Fedha zilipoanza kutoka serikalini, bodi za vijijini zilibaki, vikao vilibaki, mihuri ilibaki. Kilichohama ni kisu. Waswahili tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Zamani bodi iliyotaka kitanda kipya iliwauliza majirani, na majirani walijua bei. Sasa iliandika barua makao makuu. Mjumbe taratibu akageuka kutoka msimamizi wa mfuko kuwa mwombaji kwa niaba ya jengo. Na mwombaji ana kazi moja tu: kuomba zaidi.

Wakati huo huo vijiji vilikuwa vinapungua watu. Barabara zilitengenezwa, magari yakaongezeka, vijana wakahamia Regina na Saskatoon. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, jimbo lenye watu wapatao milioni moja lilikuwa na hospitali zaidi ya 130, na bodi zaidi ya 400 za hospitali, nyumba za wazee, magari ya wagonjwa na huduma za nyumbani. Kila bodi ililinda mlango wake. Hakuna bodi iliyoweza kusema, hospitali yetu ina wagonjwa wachache mno, tuungane na ya jirani. Nani angethubutu kurudi kijijini na maneno hayo?

Basi ikaamuliwa juu. Jimbo lilikuwa limezama katika madeni, na mwaka 1993 serikali ilikata fedha za kulaza wagonjwa katika hospitali ndogo 52. Nyingi ziligeuzwa vituo vya afya. Bodi zaidi ya 400 zikavunjwa, zikaja bodi za wilaya 30. Watu waliandamana na kulia. Babu zao walikuwa wamejitoza kodi kujenga kuta zile.

Sasa tuwe waadilifu. Watafiti waliofuatilia baadaye hawakukuta kwamba watu wa vijiji vile walianza kufa zaidi kuliko wengine. Vijiji vilivyokuwa na viongozi imara na huduma mbadala vilizoea. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila hospitali iliyofungwa ilistahili kubaki. Jengo si afya. Lakini wanakijiji walipoteza kitu ambacho takwimu za vifo hazikipimi, nacho ni nafasi ya kuamua wenyewe. Sheria ya 1916 ilitegemea majirani kuungana kwa kura, na laiti uwezo huo ungebaki kwao, labda wangeungana tena wao kwa wao kabla ya kuunganishwa kwa shoka.

Serikali ilijaribu kurudisha sauti hiyo. Oktoba 1995 wananchi walichagua wajumbe 8 wa kila bodi ya wilaya. Lakini bodi hizo hazikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na wapiga kura si wajinga. Waliojitokeza walikuwa wachache. Mwaka 2002 uchaguzi huo ukaondolewa na wilaya zikaunganishwa kuwa mikoa 12. Desemba 2017 mikoa nayo ikayeyushwa ndani ya mamlaka moja ya jimbo zima, yenye bodi ya kuteuliwa. Safari iliyoanzia kwenye kikao cha madiwani wakulima wa Sarnia iliishia kwenye meza moja.

Yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Tanzania ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii Igunga mwaka 1996, kaya ikichangia kwa mwaka, na sheria yake ikatungwa 2001 pamoja na bodi za afya za halmashauri na kamati za vituo. Mwaka 2018 usimamizi wa mfuko ukapandishwa ngazi ya mkoa ili hatari igawanywe kwa wengi, jambo lenye busara yake. Upande mwingine, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kamati ikiwa msimamizi. Kenya nayo, baada ya afya kukabidhiwa kaunti mwaka 2013, hospitali nyingi ziliona mapato yake yakiingia mfuko mkuu wa kaunti, hata sheria ya mwaka 2023 ikaja kuzirudishia haki ya kubaki nayo. Mvutano ni ule ule wa Saskatchewan: nani ashike kisu.

Sidhani kuna jibu moja. Mfuko mpana humkinga maskini kuliko mfuko wa kijiji kimoja, na mtandao wa hospitali unahitaji mtu anayeona mbali kuliko paa la kwao. Lakini bodi isiyo na fungu la kuamua ni mapambo, na watu wazima huchoka kuwa mapambo. Ukitaka mkulima aache palizi siku nzima bila malipo, mpe jambo ambalo neno lake litalibadilisha.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Tukienda kijijini mwisho wa mwaka, tunachangia bati na saruji ya zahanati, tunapigwa picha, tunarudi. Ni wangapi kati yetu tumeuliza kamati ina wajumbe gani, ilikutana lini, na ilisomewa hesabu gani? Bati tunalotoa linahitaji mtu wa kulilinda, na mtu huyo anahitaji kujua kwamba yuko anayemuuliza na anayemsikiliza. Wakulima wa Saskatchewan hawakusubiri kuombwa. Waliulizana bei, wakapiga kura, wakalipa, kisha wakadai hesabu.

Kwa leo naishia hapa.