Pato la kila kichwa: mfano wa kisiwa cha Nauru

Wasomaji wetu wamekwisha kuona magazetini jinsi inchi zinavyopangwa kwa utajiri: hii ya kwanza, ile ya kumi, ile ya mwisho. Hesabu yenyewe si ngumu. Wataalamu hujumlisha thamani ya vitu na kazi zote zilizotolewa na inchi kwa mwaka mmoja, kisha huigawanya kwa idadi ya watu, mtoto mchanga akihesabiwa sawa na mzee. Bwana Simon Kuznets, mmoja wa walioanzisha hesabu hiyo huko Marekani, aliwaonya wakubwa wa Seneti mwaka 1934 kwamba hali njema ya taifa haijulikani kwa hesabu hiyo peke yake. Ni wachache waliomsikiliza.

Basi tutazame Nauru, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, chenye kilomita mraba 21 tu. Mwenye miguu mizuri akiondoka asubuhi hukizunguka chote kabla ya saa sita. Mwaka 1900, katika ofisi moja ya Sydney, Bwana Albert Ellis alipima jiwe lililotumiwa kuzuia mlango, akaona ni fosfati, mbolea ya thamani. Jiwe lilitoka Nauru. Wakati ule kisiwa kilikuwa cha Wadachi. Baada ya vita ya 1914 kazi ya kuchimba ikashikwa na Uingereza, Australia na New Zealand. Mashamba ya mbali yakanona, na wenye udongo wakalipwa kidogo sana.

Katika vita ya pili Wajapani waliwahamisha Wanauru 1,200 mpaka visiwa vya Truk. Pamoja nao alikwenda Padri Alois Kayser, wa Wamisionari wa Moyo Mtakatifu, aliyekuwa ameandika sarufi ya lugha yao. Alikufa huko mwaka 1944. Tarehe 31 Januari 1946 walirudi nyumbani watu 737. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1968, ndiyo waliyochagua kwa uhuru wao.

Tangu 1970 fosfati ikawa mali yao. Kisiwa kizima kilikuwa na watu elfu chache tu. Gawanya bei ya meli zilizojaa mbolea kwa vichwa vichache namna hiyo, na jibu litakuwa kubwa ajabu! Nauru ikatajwa kati ya inchi tajiri kupita zote duniani. Raia hawakutozwa kodi ya mapato, hospitali ilikuwa bure, serikali ikanunua ndege, na mwaka 1977 ikafungua huko Melbourne jumba la ghorofa 52.

Lakini vichwa vilivyohesabiwa havikuwa na fungu moja. Kati yao walikuwamo vibarua kutoka visiwa vya Gilbert na kutoka China, ambao walichimba udongo wasiokuwa na haki juu yake. Kugawanya kwa kalamu si kugawanya kwa mkono. Tena hesabu haikuonyesha chakula cha makopo kilichokuja kwa meli, wala ugonjwa wa sukari ulioenea kisiwani kuliko karibu mahali pote duniani.

Na kuna jambo zito zaidi. Mkulima akiuza mavuno yake, kweli amepata pato, na mwakani atavuna tena. Akiuza shamba lenyewe, kikapu baada ya kikapu, tutaitaje fedha ile? Sisi wa inchi ya migodi tunalijua swali hilo. Kila tani ya fosfati iliandikwa kuwa pato, na hakuna kilichotolewa kwa ajili ya udongo uliokwenda zake. Karibu sehemu nne kati ya tano za kisiwa zilichimbwa. Yalibaki mawe yaliyosimama kama meno, na watu wakabanana pwani.

Akiba iliwekwa, lakini ilitumiwa vibaya, na madeni yakaimaliza. Jumba la Melbourne liliuzwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Australia ilianza kulipa ili wakimbizi waliokamatwa baharini wazuiliwe Nauru. Kambi ilifungwa mwaka 2008, ikafunguliwa tena mwaka 2012. Fedha ya kambi ikaingia katika hesabu kama ilivyoingia ya mbolea, na pato la kila kichwa likapanda tena.