Maji Safi na Majitaka Ndani ya Ndege ya Abiria

Maji safi
Kabla ya safari, gari la huduma huunganisha mpira kwenye tumbo la ndege na kujaza tangi. Hewa iliyobanwa husukuma maji hayo hadi jikoni na kwenye masinki ya vyooni.

Maji ya kunawa
Katika ndege nyingi, maji yaliyotumika kwenye sinki humwagwa nje kupitia bomba fupi lililo chini ya ndege. Bomba hilo hupashwa joto kwa umeme ili lisizibwe na barafu, kwani kwenye kimo cha mita 10,000 baridi hufikia takriban nyuzi 50 chini ya sifuri.

Choo
Vyoo vya awali vilisafishwa kwa dawa ya buluu iliyozungushwa tena na tena. Ilikuwa nzito na yenye harufu. Mwaka 1975 James Kemper alipata hataza ya choo cha kufyonza, na Boeing ikaanza kukifunga katika ndege mwaka 1982. Kitufe kikibonyezwa, vali hufunguka na uchafu hufyonzwa hadi kwenye tangi lililofungwa. Angani, tofauti ya mgandamizo kati ya hewa ya ndani na ya nje hutosha kuuvuta. Ndege ikiwa chini, mashine ya kufyonza hewa hufanya kazi hiyo.

Baada ya kutua
Uchafu wa choo haumwagwi angani. Gari la majitaka huondoa uchafu kwenye tangi na kulisuuza. Gari hilo halitumiki kamwe kuleta maji ya kunywa.